Andika Ulichoona, Si Unachodhani



Vijana wenzangu, leo nataka tuzungumze juu ya kazi inayohitaji kalamu na karatasi tu, na ambayo wengi wetu tunaiona kama usumbufu: kuandika ripoti ya tukio, pale jambo linapompata mtu mwenye ulemavu unayemhudumia.

Nasema na wewe uliye Kisii mjini, Suneka, Ogembo, Marani, Keroka, na wewe wa Nyamira, Manga na Ekerenyo. Labda unasaidia kwenye shule ya watoto wenye mahitaji maalum. Labda ni mhamasishaji wa afya ya jamii, unazunguka na mkoba wako boma hadi boma. Labda hulipwi chochote, ni ndugu yako mwenye mtindio wa ubongo ambaye unamlisha na kumgeuza kila asubuhi kabla hujaenda chuo. Au umejiandikisha kozi ya uhudumu kwa sababu una shangazi Marekani na ndiyo kazi anayofanya. Nyinyi wote kazi yenu ni moja, na somo hili ni lenu.

Sisi watu wa kutetea haki tumezoea kupaza sauti. Mtu akidhulumiwa tunaposti picha na kuandika "haki itendeke". Vizuri. Lakini ukifika mbele ya OCS, afisa wa watoto au hakimu, maswali ni mengine kabisa. Ilikuwa saa ngapi? Nani alikuwepo? Wewe mwenyewe uliona nini? Ulimwambia nani, lini? Ukianza kusema "nadhani ilikuwa Jumatano, ama Alhamisi", kesi imeanza kufia hapo. Na mtu asiyeweza kusema, ama anayesema na haaminiwi, mara nyingine hana shahidi mwingine ila ile karatasi uliyoandika siku ile ile.

Sasa, tukio ni nini? Kuanguka. Kuungua. Kifafa. Kukosa dawa, au kupewa dawa ya mwenzake. Kupotea. Kupigwa. Kufungiwa chumbani. Kushikwa kwa nguvu, hata kama aliyemshika anasema alikuwa anamsaidia. Alama mwilini ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Pesa yake au simu yake kutoweka. Kuguswa vibaya. Na jambo lililokaribia kutokea pia ni tukio. Huku kwetu ni milima na mvua, njia ya udongo inateleza. Kiti cha magurudumu kimeanza kuserereka kwenye mteremko, ukakiwahi. Usiseme "alhamdulillahi" ukaishia hapo. Shukuru, kisha andika kwamba breki ya kushoto haishiki. Kesho anaweza kuwa na mtu asiyewahi kama wewe.

Neno linaloua

Hapa Gusii tuna sababu yetu ya kuogopa ripoti mbaya. Mei 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliuawa na umati na nyumba zao kuchomwa kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Siwapachiki ugonjwa watu waliodhulumiwa. Nataka uangalie tuhuma yenyewe inavyojengwa. Inaanza na jambo ambalo mtu ameliona kweli. Halafu mtu anaongeza maana. Halafu ile maana ndiyo inayosafiri, na kile kilichoonekana kinasahaulika.

Mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu anaweza kutoka usiku bila nguo, akaingia boma la jirani, asijue amefikaje. Daktari yeyote anaijua hali hiyo. Kijijini inaweza kupewa jina moja: *omorogi*, mchawi. Sasa soma sentensi hizi mbili. Ni mfano wa kubuni.

Ya kwanza: "Nyanya alipatikana usiku akizurura kwa watu, inasemekana anaroga."

Ya pili: "Tarehe 14, saa tisa na robo usiku, jirani alinipigia simu. Nilimkuta nyanya amesimama kando ya zizi la jirani, hana viatu wala leso. Aliuliza mara mbili, 'Mama yuko wapi?' Mama yake alifariki zamani. Hakunitambua kwa jina. Ni mara ya tatu mwezi huu, nyingine ni tarehe 3 na tarehe 9. Nilimfunika blanketi nikamrudisha nyumbani. Asubuhi nilimweleza mwanawe tukakubaliana apelekwe hospitali."

Sentensi ya kwanza inaweza kuleta umati mlangoni. Ya pili inamfikisha kwa daktari. Bibi ni yule yule, usiku ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono ulioandika.

Ndiyo maana nakuomba uyaondoe haya maneno kwenye daftari lako: kichaa, taahira, mkorofi, amelaaniwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ripoti yako ni mahali pa kwanza pa kuitekeleza hiyo.

Na sisi Waislamu tuna letu: majini. Kama mama wa mtoto anasema ni majini, usibishane naye kwenye karatasi, na usimkubalie kwenye karatasi. Andika: "Mama yake alisema ni majini." Hayo ni maneno ya mama, yabaki ya mama. Yako wewe ni haya: "Alianguka chali. Mwili ulikakamaa, mikono na miguu ikatikisika, povu likatoka. Nilitazama saa ya simu: ilikuwa dakika tatu. Alipoamka hakujua yuko wapi." Muda huo ni muhimu kuliko unavyofikiri. Kifafa kikipita dakika tano ni dharura, mtu anakimbizwa hospitali. Na daktari anayempangia dawa anategemea hesabu yako.

Kutoka ripoti mbaya hadi ripoti nzuri

Tuchukue mfano mwingine wa kubuni. Kijana tumwite Osman, yuko shule ya bweni. Mhudumu ameandika hivi:

"Osman alikuwa mkorofi leo. Alipandwa na hasira bila sababu akajigonga. Alitulizwa."

Ukiisoma haraka unaona iko sawa. Sasa soma hii:

"Jumanne, saa 6:40 mchana, chumba cha kulia. Osman, miaka 16, ana usonji na hazungumzi kwa maneno. Siku zote hula kwenye sahani ya bluu. Leo mpishi alimpa nyeupe. Osman aliziba masikio kwa mikono, akapiga paji la uso mezani mara tatu. Mhudumu A alimvuta mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akamshika hivyo kama dakika mbili. Mimi nilikuwa mlangoni, hatua nne hivi. Alipoachiliwa aliketi sakafuni. Niliona uvimbe upande wa kulia wa paji la uso, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na alama nyekundu kuzunguka kifundo cha mkono wa kushoto. Nilimwekea kitambaa cha maji baridi. Saa 7:05 nilimweleza matroni. Saa 7:30 matroni alimpigia mama yake nikiwepo."

Hapo kwa "Mhudumu A" wewe utaandika jina kamili.

Linganisha. "Bila sababu" imekufa, sababu ilikuwa sahani. Kesho mpishi akijua, jambo lote linaisha bila mtu kushikwa. "Mkorofi" imekufa, tumebaki na kijana aliyeziba masikio. Na lile neno "alitulizwa" limefunguka, ndani yake kulikuwa na mtu kuvutwa mikono nyuma kwa dakika mbili. Ndugu yangu, ogopa sana vitenzi vya kujificha: alitulizwa, alishughulikiwa, alisaidiwa, hatua zilichukuliwa. Uliza: nani alifanya, alifanya nini, kwa mkono gani, kwa muda gani?

Kwa hivyo shika haya:

Kwanza mhudumie mtu, kisha uandike. Damu haingoji kalamu. Lakini andika siku ile ile, kabla hujalala na kabla hamjakaa na wenzako kulinganisha hadithi.

Saa iwe wazi. Sisi tunachanganya saa za Kiswahili na za Kizungu. "Saa 2 usiku" kwa mmoja ni baada ya isha, kwa mwingine ni usiku wa manane. Chagua moja, useme ni ipi.

Tenganisha ulichoona, ulichosikia, na ulichoambiwa. "Niliona." "Nilisikia kishindo kutoka bafuni." "Mlinzi aliniambia kwamba." Vyote vina nafasi, ila visivae nguo moja.

Maneno ya mwenyewe yaandike kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoisema. Akisema kwa Ekegusii, andika Ekegusii, tafsiri iwe chini yake. Akitumia ishara, eleza ishara: "alielekeza kidole kwenye mlango wa stoo, kisha akajipiga shavu." Usimlishe maneno. Usiulize "ni fulani alikupiga, si ndiyo?" Uliza "nini kilitokea?" kisha nyamaza usubiri.

Kwa asiyezungumza kabisa, eleza tofauti na kawaida yake. "Kwa kawaida hunifuata nikiingia. Leo alijikunja ukutani." Wewe unayekaa naye kila siku ndiye unaijua kawaida hiyo. Daktari hajui, polisi hajui.

Ukikosea neno, likate kwa mstari mmoja ili lisomeke, weka sahihi pembeni. Usifute, usichane ukurasa. Ukurasa uliochanwa unaharibu hata zilizobaki. Mwisho weka jina lako, sahihi, tarehe na saa ya kuandika.

Yakiwa mazito

Kuna tukio ambalo sote tunaliogopa: mtu amenajisiwa. Hapa moyo utakwambia muogeshe, mbadilishe nguo, mfiche aibu. Usimwogeshe. Nguo zake ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, manake plastiki inaozesha ushahidi. Mpeleke hospitali mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, ili apate dawa ya kuzuia Ukimwi. Hospitali watajaza fomu ya PRC. Polisi watatoa nambari ya OB na fomu ya P3. Nambari ya OB iandike kwenye ripoti yako, pamoja na jina la afisa aliyekupokea. Nambari ya simu ya bure kwa dhuluma za kijinsia ni 1195, kwa watoto ni 116.

Wala usikate tamaa kwa sababu "hawezi kutoa ushahidi". Katiba, Kifungu cha 50, inaruhusu mahakama kumpa mlalamishi au mshtakiwa mtu wa kati wa kumsaidia kuwasiliana. Lakini huyo mtu wa kati anahitaji pa kuanzia. Pa kuanzia ni karatasi yako.

Na tafadhali, usimalize kesi kama hii kwa kikao cha wazee na mbuzi. Wazee tunawaheshimu, lakini hili ni jinai.

Karatasi iende wapi

Ripoti ikibaki kwenye droo ya msimamizi si ripoti, ni siri. Toa mbili. Moja peleka, nyingine baki nayo ikiwa imegongwa muhuri au kusainiwa na aliyepokea. Akikataa kusaini, andika kwamba tarehe fulani saa fulani alikataa. Ikiwa ni mtoto, kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kuna ofisi za Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwenye kaunti. Kuna kituo cha polisi. Kijijini chifu na naibu chifu wajulishwe, ila wao wasiwe mwisho wa safari.

Na kuna jambo moja kubwa: ripoti moja inasema kidogo, kumi zikipangwa pamoja zinasema mengi. Huko Uingereza, karibu na Bristol, kulikuwa na hospitali ya kibinafsi ya watu wenye ulemavu wa akili, ikiitwa Winterbourne View. Mei 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha wahudumu wakiwapiga na kuwatesa wagonjwa. Watu 11 walipatikana na hatia. Uchunguzi ukaja kugundua kwamba serikali ya mtaa ilikuwa imepokea taarifa 40 za wasiwasi kuhusu mahali hapo katika miaka michache kabla ya hapo. Arobaini! Karatasi zilikuwepo. Kila moja ilishughulikiwa peke yake, hakuna aliyezipanga mezani akaona zinaelekea wapi. Hata muuguzi mmoja aliyelalamika kabla hakusikizwa hadi kamera ilipoingia.

Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi kaa na daftari lako. Je, alama zinatokea zamu ya nani? Siku gani? Chumba gani? Kifafa kinaongezeka tangu dawa ilipobadilishwa? Yule nyanya anatoka usiku tangu lini? Hapo ndipo ukweli unajitokeza bila wewe kumtuhumu mtu.

Ujuzi huu pia ni riziki

Watu wa Kisii na Nyamira tunajuana na Minnesota. Jamaa zetu wengi huko wanafanya kazi kwenye nyumba za kuhudumia watu wenye ulemavu. Waulize. Watakwambia siku haiishi bila kuandika. Sheria ya jimbo lile inataka tukio litolewe taarifa kwa msimamizi wa kesi na mwakilishi wa kisheria wa mhudumiwa ndani ya saa 24. Kifo au jeraha kubwa linafika serikalini ndani ya muda huo huo. Mhudumu akishuku mtu mzima asiyejiweza anateswa, sheria inamlazimu kusema, hawezi kujitetea kwamba aliogopa bosi.

Lakini usijifunze kwa ajili ya ndege tu. Mtu wa Minnesota ana haki ya saa 24, na nyanya wa Marani je? Heshima utakayompa mgeni kwa mshahara wa dola, mpe wa kwako kwanza.

Hofu na simu

Najua unachofikiria. "Nikiandika nitafutwa kazi." "Mhudumu A ni rafiki yangu." "Ni shule ya mheshimiwa." Hofu hiyo ni ya kweli, sitakudanganya. Ila ripoti iliyoandikwa vizuri inakukinga kuliko kunyamaza. Hukumwita mtu katili, uliandika dakika mbili na mikono nyuma. Akikanusha, akanushe kilichoonekana, si matusi yako. Na siku mambo yakifumuka, atakayeulizwa "wewe ulikuwa wapi?" ni yule asiye na karatasi.

Kuhusu simu. Picha ya jeraha ni ushahidi. Ipige, iache ya asili kwenye simu bila kuikata wala kuipamba, andika ulipiga lini na wapi. Kisha mpe anayehusika. Usiirushe kwenye magrupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hata kama isingekuwepo, yule kijana hakukupa ruhusa uso wake uzunguke WhatsApp. Tukitaka kupaza sauti, na tutapaza, tupaze habari bila uso na jina lake. Kuposti si kuripoti.

Namalizia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika. Inazungumzia deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Ikiwa pesa ya mtu imepewa uzito huo, je, mwili wake? Je, heshima yake?

Basi kabla ya kulala leo, chukua daftari, chora mistari: tarehe, saa, mahali, nilichoona, alichosema, nilichofanya, nimemwambia nani, sahihi. Liweke pale dawa zake zinapokaa. Na ukilianza, mfundishe mwenzako mmoja wa zamu.